Ishigaki, Iriomote au Miyako: Kuchagua Kisiwa kwa Siku Moja ya Majira ya Joto Kusini mwa Japani

Msafiri aliyebahatika kupata siku moja ya mapumziko katika visiwa vya kusini kabisa mwa Japani hukutana na tatizo ambalo picha haziwezi kulitatua, kwa sababu katika picha visiwa hivyo vyote vinafanana: maji ya rangi ya feruzi, mchanga mweupe na anga lisilo na doa. Makala haya yanalinganisha vitatu kati yake, yaani Ishigaki, Iriomote na Miyako. Vyote vimo katika Mkoa wa Okinawa, na vyote viko karibu zaidi na Taiwan kuliko Tokyo. Kutoka Ishigaki hadi Taipei ni takriban kilomita 270, ilhali Tokyo iko umbali wa karibu kilomita 2,000.

Joto la visiwa hivi halitofautiani kiasi cha kumfanya mtu achague kimoja na kuacha kingine. Kinachotofautiana ni umbo la ardhi. Iriomote, chenye kilomita za mraba 289, ni milima iliyofunikwa na msitu karibu kote. Ishigaki, chenye kilomita za mraba 222, kina milima upande mmoja na mashamba upande wa pili, na Mlima Omoto wa mita 526 ndio mrefu kuliko yote mkoani Okinawa. Miyako ni kisiwa cha tambarare cha kilomita za mraba 159 hivi, na sehemu yake ya juu kabisa haizidi sana mita 100. Umbo hilo ndilo linaloamua mvua itanyesha wapi, maji ya bahari yatakuwa safi kiasi gani, na utajificha wapi jua linapokuwa kali.

Tunapima nini

Nimechagua mambo matano ya kupimia: hali ya hewa ya siku yenyewe tangu alfajiri hadi jioni, bahari na fukwe, mandhari ya nchi kavu, urahisi wa kufika na kuzunguka, na mwisho hatari zilizopo pamoja na mahali pa kukimbilia mipango inapoharibika. Bei sikuziingiza, kwa kuwa hubadilika mno kati ya wiki moja na nyingine katika miezi ya Julai na Agosti, wakati wa likizo za shule nchini Japani.

Joto, jua na mvua

Neno letu kiangazi linaweza kumpotosha msomaji. Kwetu kiangazi ni ukavu, vumbi na majani yaliyonyauka. Majira ya joto ya visiwa hivi ni joto lenye unyevu mwingi, linalomkumbusha mtu wa Tanga au Mombasa siku za Machi kabla masika haijaanza. Wastani wa joto la Julai ni karibu nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, mchana hupanda hadi 32 hivi, na usiku ni nadra kushuka chini ya 25. Hata hivyo ni nadra pia kufika 35, kiwango ambacho miji ya bara kama Kyoto na Osaka hukipita mara nyingi kila mwaka, kwa sababu hapa bahari imeizunguka ardhi pande zote na upepo haukatiki.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni saa za jua. Japani yote hutumia majira ya saa ya aina moja tu, yanayofuata meridiani ya nyuzi 135 mashariki, na visiwa hivi viko mbali sana magharibi mwa mstari huo. Mwishoni mwa Juni, Tokyo huona jua kabla ya saa kumi na moja alfajiri, lakini Ishigaki hulisubiri hadi karibu saa kumi na mbili, na huliaga saa moja na nusu jioni. Jua hufika utosini takriban saa saba kasorobo mchana, na kwa kuwa visiwa viko kaskazini kidogo tu ya Tropiki ya Kansa, siku zinazokaribia Juni 21 mtu aliyesimama wima haoni kivuli chake isipokuwa chini ya nyayo. Kipimo cha miale ya jua inayounguza (UV) katika siku angavu huweza kufika 11 au zaidi, kiwango kinachounguza ngozi ya rangi yoyote. Kwa hiyo, katika kisiwa chochote utakachochagua, siku ipangwe kwa vipande viwili: bahari kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, kisha kivuli, chakula na usingizi, halafu kutoka tena kuanzia saa tisa alasiri.

Msimu wa mvua za mfululizo, ambao Wajapani huuita tsuyu, kwa wastani huanza Okinawa karibu Mei 10 na kumalizika karibu Juni 21. Unapokwisha, huvuma kwa siku kadhaa upepo wa kusini ambao wenyeji huuita kaachibai. Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki atautambua haraka, kwa maana ni ndugu wa kusi wetu: upepo wenye msimu wake, uliotumiwa na mabaharia wa zamani kupanga safari. Baada yake mvua haiishi, bali hubadilika tabia. Huja ghafla, humwagika kwa nguvu kwa muda mfupi, na mara nyingi hulowesha upande mmoja wa barabara na kuuacha mwingine mkavu. Waokinawa wana neno lake, katabui, maana yake mvua ya upande mmoja.

Hapa ndipo visiwa vinapoachana. Iriomote, kwa milima na msitu wake, huvuta mawingu. Asubuhi inaweza kuwa angavu kabisa na saa nane mchana ngurumo zikasikika bondeni. Huko si busara kuyapanga mambo muhimu alasiri. Ishigaki hugawanyika: inawezekana mvua inyeshe Kabira, kaskazini mwa milima, huku bandarini kusini watu wakianika nguo, hivyo mwenye gari anaweza kuifuata hali ya hewa nzuri badala ya kuisubiri. Miyako haina mlima wa kuyakamata mawingu, kwa hiyo mvua ya mchana hupita haraka, lakini faida hiyo ina gharama yake, kwani kisiwa hicho hakina msitu mkubwa na jua lake halina mpinzani.

Vimbunga viko palepale kwa visiwa vyote vitatu. Huja zaidi kati ya Julai na Septemba, na Miyako ndiyo yenye kumbukumbu nzito zaidi: mnamo Septemba 1966 kimbunga kiitwacho Cora kilipiga kisiwa hicho kwa dharuba ya upepo ya mita 85.3 kwa sekunde, kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Nyumba za zege zenye mapaa bapa unazoziona leo visiwani zimejengwa na watu wanaojua hilo. Hata hivyo kimbunga hicho hicho kinachoogopwa huvuruga maji ya juu yaliyopata joto na kuyapoza, na mwaka ambao vimbunga havikuja, matumbawe huteseka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya wangwa wa Sekisei, kati ya Ishigaki na Iriomote, ilipauka na kufa.

Bahari na fukwe

Kwa maji safi, Miyako iko mbele, na sababu yake haihitaji mjadala. Kisiwa chote ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale yaliyoinuliwa kutoka baharini, kama maweni ya Makunduchi kule Unguja. Mvua inayonyesha huzama ardhini badala ya kutiririka. Hakuna mito mikubwa, na kwa hiyo hakuna tope linaloingia baharini. Wenyeji wamejenga hata mabwawa chini ya ardhi, kuta zilizozikwa zinazozuia maji yaliyozama yasiponyokee baharini, ili wamwagilie miwa na maembe. Ufuo wa Yonaha Maehama una mchanga mweupe wa kilomita saba hivi, na unafaa hata kwa wasiojua kuogelea vizuri. Upepo wa kusini ukizidi, ufuo wa Sunayama ulio kaskazini-magharibi huwa na utulivu zaidi. Kaskazini mwa kisiwa kuna miamba ya Yabiji, eneo kubwa la matumbawe linalofikiwa kwa boti.

Ishigaki ina bahari yenye mambo mengi zaidi, lakini inahitaji uangalifu zaidi. Ghuba ya Kabira, ambayo picha yake huonekana kila mahali, hairuhusiwi kuogelewa kwa sababu ya mikondo na vyombo. Huonwa kwa kutembea ufuoni au kwa boti yenye sakafu ya kioo, na ndani yake hufugwa chaza wa lulu nyeusi. Wanaozamia hufuata taa wakubwa aina ya manta karibu na hapo, nao huonekana zaidi majira haya hadi vuli. Ufuo wa Yonehara una matumbawe karibu kabisa na nchi kavu, lakini mkondo unaotoka kwenye mlango wa mwamba umewahi kuwachukua watu, na vibao vya tahadhari vilivyopo havikuwekwa kwa mapambo. Baada ya mvua kubwa, udongo mwekundu wa mashambani huteremka na kuyachafua maji ya baadhi ya sehemu.

Iriomote si kisiwa cha kulala ufuoni, ingawa ufuo wa Hoshizuna una mchanga wenye umbo la nyota, ambao kwa kweli ni maganda ya viumbe wadogo wa baharini wenye seli moja. Maji ya Iriomote yenye thamani kubwa ni ya mtoni.

Nchi kavu

Kwa upande huu ninakiri kwamba moyo wangu uko Iriomote. Mto Urauchi, mrefu kuliko yote mkoani, hupandwa kwa boti kupitia mikoko, kisha mtu hutembea msituni hadi kwenye maporomoko ya Mariyudu na Kanpire. Maporomoko ya Pinaisara, ya mita 55 hivi, hufikiwa kwa kayaki na miguu. Ukitazama mikoko hiyo kwa jicho la mtu wa Rufiji au Lamu utaiona jamaa: muia, mchu na mlilana vimo humo, miti ile ile ya mikoko yetu. Na kuna jambo moja ambalo ni la majira haya tu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Julai, mti ambao huko huitwa sagaribana hufungua maua yake usiku, meupe na ya waridi, yenye harufu tamu. Alfajiri maua hayo hudondoka na kuelea juu ya mto. Mti huo ndio mtomondo wetu. Watu huondoka kwa kayaki giza bado halijatoka ili wayakute maua yakianguka, na sijui tamasha jingine la visiwa hivi linalostahili zaidi kukatizwa usingizi.

Mwaka 2021 Iriomote iliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Amami-Oshima, Tokunoshima na sehemu ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Okinawa. Paka wa Iriomote, aliyetangazwa rasmi kuwa mnyama mpya kwa sayansi mwaka 1967, haishi popote pengine duniani, na idadi yake ni takriban mia moja tu. Mgeni wa siku moja asitarajie kumwona. Anachoweza kumfanyia ni kuendesha gari polepole, hasa jua linapochwea, kwa kuwa magari ni miongoni mwa vitu vinavyomwua.

Ishigaki huonwa vizuri kutoka juu: mwinuko wa Tamatorizaki, na rasi ya Hirakubo yenye mnara wa taa kwenye ncha ya kaskazini. Hata hivyo hazina yake kubwa kwa mwenye siku moja ni kisiwa jirani cha Taketomi, dakika 10 hadi 15 kwa boti, chenye nyumba za vigae vyekundu, kuta za mawe ya matumbawe, njia za mchanga mweupe zinazofagiliwa kila asubuhi, na magari ya kukokotwa na nyati-maji. Usiku, anga la eneo hili ni miongoni mwa yenye giza safi zaidi nchini. Hifadhi ya Taifa ya Iriomote-Ishigaki ilikuwa ya kwanza Japani kutambuliwa kimataifa kwa ajili hiyo, mwaka 2018. Darubini ya Ishigaki yenye kioo cha sentimita 105 inaitwa Murikabushi, jina la wenyeji kwa nyota tunazoziita Kilimia, na kama ilivyokuwa kwetu, wakulima wa zamani wa huko walizitazama ili kujua wakati wa kupanda.

Miyako haina msitu wala mto wa kupanda. Ina upeo. Daraja la Irabu, lililofunguliwa Januari 2015, lina urefu wa mita 3,540 juu ya bahari na halitozwi ushuru. Rasi ya Higashi-Hennazaki hujitokeza baharini kwa kilomita mbili hivi, nyembamba kama kidole, na mawimbi huonekana pande zote mbili. Na katika kisiwa cha Shimoji kuna Toriike, mabwawa mawili ya duara yaliyounganishwa na bahari chini ya mwamba. Julai ni msimu wa maembe yake, na mtu aliyezoea boribo na dodo atapata pa kulinganishia.

Kufika na kuzunguka

Ishigaki na Miyako zina viwanja vya ndege, na kutoka Naha, mji mkuu wa mkoa, safari haizidi saa moja na dakika chache. Iriomote haina uwanja; hufikiwa kwa boti kutoka Ishigaki, kwa dakika 40 hadi 50 hivi, kupitia bandari ya Ohara kusini-mashariki au Uehara kaskazini. Majira haya bandari ya Uehara hukaa salama kuliko wakati wa baridi, upepo wa kaskazini unapoifunga mara kwa mara. Barabara kuu ya Iriomote haizunguki kisiwa chote, na kijiji cha Funauki hakina njia nyingine ila boti. Wanaowaongoza wageni porini wanatakiwa kuwa na leseni ya Mji wa Taketomi, yaani mamlaka ya mitaa inayosimamia Iriomote pia, na baadhi ya maeneo yana kikomo cha wageni kwa siku, kwa hiyo agizo lifanyike mapema.

Miyako bila gari ni siku iliyopotea nusu. Ishigaki inawezekana kwa basi na boti. Atakayekodi gari ahakikishe leseni yake ya kimataifa imetolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949. Upande wa kuendesha ni kushoto, kama kwetu.

Hatari na kimbilio

Bahari za visiwa vyote vitatu zina konyeza wa sumu kali, anayeitwa habukurage, hasa kuanzia Juni hadi Septemba. Ogelea ndani ya wavu uliowekwa kwenye fukwe za umma, vaa nguo za kuogelea zinazofunika mikono na miguu, na siki iwe karibu, kwa maana ndiyo inayomwagwa kwanza mtu akiguswa. Nyoka wa sumu aina ya habu wapo Ishigaki na Iriomote, lakini Miyako hawapo, jambo linalowatuliza wazazi wenye watoto wanaokimbia majanini. Iriomote ina hatari yake ya pekee: kijito cha miguuni kinaweza kufurika kwa dakika chache mvua ikinyesha milimani, hata kama hapo ulipo jua linawaka. Kiongozi akisema turudi, rudini.

Mvua ikiharibu mpango, Ishigaki ndiyo yenye nafuu zaidi, kwa kuwa ina mji wenye soko na mikahawa ya soba ya Yaeyama, yaani tambi za visiwa vya upande huo, na pango kubwa la mawe ya chokaa ambalo hukaa na ubaridi mwaka mzima. Miyako ina jumba dogo la maonyesho ya bwawa la chini ya ardhi, pamoja na maduka ya mjini. Iriomote ina kituo cha uhifadhi wa wanyamapori, na zaidi ya hapo ni baraza ya nyumba ya wageni na sauti ya mvua, jambo ambalo baadhi yetu hatulihesabu kuwa hasara.

Kulingana na hali yako

Ukisafiri na watoto wadogo au wazee, na mnachotaka ni kuoga baharini bila wasiwasi mwingi, Miyako itawafaa, mradi mmoja wenu aendeshe gari na mwavuli wa ufuoni usisahaulike. Ukiwa peke yako, huna leseni, na unataka kuona mambo mengi katika siku moja, chagua Ishigaki: asubuhi Taketomi kabla mchanga haujapata moto, mchana kivuli mjini na barafu iliyokunwa juu ya maharagwe matamu, alasiri Kabira, usiku nyota. Usiifuate nyota ya Msalaba wa Kusini mwezi Julai, kwa sababu muda wake wa kuonekana jioni huwa umekwisha katikati ya Juni; kwa Mswahili wa kusini mwa ikweta si hasara kubwa.

Ikiwa unapenda msitu, una miguu yenye nguvu na hukasiriki ukilowa, nenda Iriomote, lakini lala huko usiku uliotangulia, kwani anayefika kwa boti ya asubuhi huwa ameshachelewa maua ya mtomondo na ataingia msituni saa mawingu yanapoanza kukusanyika. Mpiga mbizi mzoefu atapata Ishigaki taa wakubwa na Miyako mapango ya chini ya maji. Hapo uamuzi ni wa kile ambacho bado hajakiona.

Na ikiwa utabiri unaonyesha kimbunga ndani ya siku tatu, acha kuwaza Iriomote, maana boti ndizo husimama kwanza. Kaa Ishigaki au Miyako karibu na uwanja wa ndege, nunua maji na chakula kabla rafu za duka hazijabaki tupu, na ubadilishe tiketi mapema, kabla wengine wote hawajapiga foleni kwa jambo hilohilo.